Gari Laini Kuliko Yote Sumbawanga

Jumatatu, 6 Julai 2026

Upepo tangu asubuhi. Baridi ya kukata masikio. Mteja mmoja tu dukani, naye alijilaza kwenye godoro la futi tano kwa sita, akapumzika, akashukuru, akaondoka. Watu hawana haya.

Lakini leo sijali. Uani kuna Tulivu. Ndilo jina nililolipa gari langu. Aina yake siiandiki hapa, maana shajara inaweza kuibwa, na watu wa mtaa wetu huu wa Majengo ni hodari wa kuiga. Niseme tu kwamba ni gari la wakubwa wa Japani, la zamani kidogo, na kuanzia hapa hadi Mbeya hakuna lililo laini kulizidi. Mimi ni muuza magodoro. Ulaini naujua. Magari ya mji huu ni ya kubebea mahindi. Hata yale ya wenye vyeo, mtu anashuka humo kama aliyekuwa anatwangwa kinuni, halafu anajiita bosi.

Habari kubwa: Alois, mtoto wa kaka mkubwa wa mke wangu, amepata upadri. Jumapili ataadhimisha misa yake ya shukrani parokiani kwao. Bibi yake, yaani mama mkwe wangu, Mama Rozina, ndiye atakayebeba kapu la ulezi kwenye matoleo. Na katika ukoo huo, aliyemfikisha bibi kanisani ndiye anayetembea nyuma yake hadi altareni, amebeba jogoo, watu wote wanamwona.

Nitakuwa mimi huyo. Nimeshaamua.

Nina sababu. Siku ya ubatizo wa binti yetu Tereza nilimtumia mama mkwe bodaboda. Ikammwaga mtaroni. Kosa la bodaboda, kosa la mtaro, mimi nilikuwa nimesimama kanisani na mshumaa! Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Wanasema kiuno humuuma kila jina langu linapotajwa. Nina duka zima la magodoro, na mama mkwe wangu hajalala hata kwenye moja. Hilo linaniuma kuliko ninavyoonyesha.

Redempta, mke wangu, anasema jambo ni jepesi. Nimpe ufunguo kaka yake Christopha, dereva wa lori. Yeye ni mtoto wa kumzaa, amlete mama yake. Mimi nitangulie kanisani, nikampokee na jogoo wangu. Gari langu, sifa zangu. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaketi pamoja, na hawasemeshani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Nimemjibu kwamba heshima naijua. Ila mkono uliozoea lori la mahindi haugusi usukani wa Tulivu.

Akanikumbusha kwamba Mboje naye amejitolea. Mboje na mimi tumeoa nyumba moja. Yeye kamchukua Fransiska, mdogo wa Redempta. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani, na yeye bado ana ng'ombe. Anataka kumleta bibi wa padri kwa mkokoteni.

Mkokoteni! Wa maksai! Nimecheka hadi nikaumwa mbavu. Redempta hakucheka.


Jumatano, 8 Julai

Leo majaribio. Nimefunga duka, nikamweka Redempta kiti cha nyuma kushoto, kiti cha mama mkwe, nikampa kikombe cha uji wa ulezi. Nia ilikuwa kuthibitisha kwamba kutoka Majengo hadi Kasense, kijijini kwa mama mkwe, halimwagiki hata tone.

Kwenye lami, hakuna tone. Redempta mwenyewe aliuliza kama gari limezimika. Nilifurahi nikamwomba arudie swali hilo, akakataa.

Tulipoiacha lami ndipo Tulivu likaonyesha malezi yake. Gari gumu hupiga tuta likaruka. Tulivu halipigi. Linazama, linawaza, linainuka polepole, na kabla halijamaliza kuinuka linazama tena. Nilimtazama Redempta, kafumba macho, nikadhani raha imemzidi. Baada ya mashamba ya kwanza akaniomba nisimame, kwa sauti ndogo. Uji alioushika na uji aliokunywa asubuhi vyote vikabaki kando ya barabara ya Kasense.

Naandika kwa haki: ndani ya gari halikumwagika tone.

Nilimweleza kwamba huo ni ugeni wa starehe. Mwili uliozoea mateso hushtuka ukipewa raha. Akafuta mdomo. Tumesimama hivyo, akatupita Mboje na mkokoteni wake, maksai wawili na magunia ya pumba, anapiga mluzi. Akasalimia kwa adabu zake zote, akauliza kama gari limeharibika. Nikamwambia tunatazama mandhari. Akakubali kwamba ni mandhari mazuri, kisha akamwachia Redempta chungwa.

Nani kamwomba chungwa? Yaani mtu anafunga breki za ng'ombe wake ili aje kunidharau kwa tunda! Redempta alilila lote, na maganda akayanusa hadi nyumbani.


Ijumaa, 10 Julai

Redempta kaona tatizo jingine. Kuona matatizo ndiyo kipaji chake. Safari hii ni kioo, kile cha kati cha kutazamia nyuma. Anasema nikiinua macho humo nitakuwa nakutana uso kwa uso na mama yake safari nzima.

Asubuhi nikakivika kioo soksi. Soksi safi, ya kijivu, inaendana na viti. Nikaingia barabarani kuizoea.

Trafiki akanisimamisha. Akataka kujua kwa nini kioo kimevaa soksi. Nikamweleza habari ya mama mkwe. Akainama kutazama kiti cha nyuma, akauliza yuko wapi. Nikasema yuko Kasense. Kisha akasema yeye pia kaoa kwa watu wenye mila kali, kwa hiyo ananielewa, ila sheria ya barabarani haina mama mkwe. Nikavua soksi. Wakati narudi ndani ya gari akaongeza kwamba angeendesha mtoto wa yule mama, tatizo lote lingekwisha.

Huyu na Redempta wamekutana wapi?

Nilikasirika hadi mchana. Lakini mchana huohuo jibu likaja lenyewe. Kiti cha nyuma kushoto kinalala! Ndiyo sifa yake kubwa, wakubwa wa Japani wasingekubali gari lisilo na kiti kinacholala. Nikikilaza kidogo tu, uso wa mama unatoka kwenye kioo. Vitufe viko mlangoni kwangu. Heshima na starehe, kwa kidole kimoja! Kesho naenda Kasense kumwalika rasmi.

Nimemwambia Redempta. Ameshika shavu na kusema anaomba tu Mungu.


Jumamosi, 11 Julai

Nina hasira hadi kalamu inachana karatasi.

Tulifika Kasense vizuri. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta ulezi wa kapu. Nikamsalimia kwa mbali, nimetazama ghala. Naye akaitikia marahaba akiwa ametazama ungo. Mzee Zenon alikuwepo, mdogo wake marehemu baba mkwe, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Christopha pia alikuwepo, anatafuna mahindi ya kukaanga na kulizunguka gari langu kama mnunuzi.

Mambo yalianza kwa neema. Mama mkwe alikubali kulikalia gari kwanza likiwa limesimama. Akakaa. Akabonyeza kiti kwa kiganja. Kisha akamwambia Redempta amwambie mwenye gari kwamba kiti ni kizuri, kiuno kimetulia.

Mwenye gari! Tangu siku ya bodaboda sijapata cheo kikubwa namna hiyo. Macho yaliniwasha, nakubali. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea. Nikaona ndiyo saa ya kuonyesha jinsi uso unavyotoka kwenye kioo. Nikabonyeza.

Sasa, wakubwa wa Japani wameandika vitufe vyao kwa maandishi yao. Nilitaka kiti kishuke kidogo. Kikashuka chote. Halafu sehemu ya miguu ikapanda. Mama mkwe akalala chali mbele ya mkwe wake, mchana kweupe, viatu vinatazama dirishani, na nusu ya Kasense imesimama. Katika ukoo ule mama mkwe hata akiugua huwekewa pazia mkwe asimwone amelala!

Nikafanya alichopaswa kufanya mkwe yeyote mwenye malezi. Nikafumba macho. Lakini ukifumba macho vitufe huvioni, na hilo hakuna anayelifikiria anaponihukumu. Nilibonyeza nilichokipata. Kiti kikaanza kumkanda mgongo. Nikasikia mama mkwe akiita watakatifu, na kila mtakatifu alikuwa anatetemeka.

Christopha ndiye aliyemtoa. Alipitisha mkono mlangoni kwangu, akabonyeza mara moja tu, kiti kikakaa sawa. Bahati ya mjinga.

Kikao kikawekwa hapohapo barazani. Mzee Zenon akasema hajapata kuona mtu akitumia umeme kumvunjia mkwe wake heshima. Nimetozwa khanga na jogoo. Jogoo mwenyewe ni yuleyule niliyemnunua wa kumbeba altareni! Mama atakwenda na Mboje. Mimi nimepangiwa kubeba kuku wa matoleo.

Nikaomba Redempta amwambie mama kwamba lilikuwa jambo la heshima. Mama akamwambia Redempta aniambie kwamba kiuno hakikuuma hata kidogo. Kilichouma ni uso. Tena akasema raha ya safari ni kujua macho uyaweke wapi.

Nimuuzie godoro gani mtu wa namna hiyo?


Jumapili, 12 Julai

Niandike polepole, jambo moja moja.

Asubuhi nilipakia kuku Kasense, ishirini na kitu, kwenye viti vya ngozi. Nilitandika mifuko. Kuku wa ukoo ule hawana habari na mifuko. Nikaanza safari, Redempta kakaa mbele na mimi, na kitenge chake kipya cha sare ya familia.

Mara, mbele yetu, mkokoteni. Mboje anatembea kwa miguu mbele ya maksai wake, kawafunga maua ya karatasi kwenye pembe. Nyuma, juu ya majani makavu na blanketi, mama mkwe na kapu lake, Fransiska pembeni yake. Mboje anatazama alikokuwa anakwenda, mama anatazama alikotoka. Wamepeana migongo safari nzima. Hawawezi kuonana hata wakitaka. Lazima niseme ilipangwa vizuri, ingawa naamini ni bahati tu, ng'ombe lazima waongozwe na mtu.

Kumpita nisingeweza. Kumpita ni kumtimulia vumbi bibi wa padri siku ya misa, na mimi tayari nilikuwa nimetozwa. Kwa hiyo nikafuata nyuma, mwendo wa ng'ombe.

Hapo ndipo nikatambua. Kama mama anatazama alikotoka, basi anatazama kioo changu cha mbele. Chote! Mimi na mama mkwe tulikuwa uso kwa uso, hatua chache, kama watu waliokaa meza moja. Akajifunika khanga kichwani. Nikashusha kile kibao cha kuzuia jua, nikainamisha kichwa. Bado nikauona mkono wake. Nikageuza uso nikatazama dirisha la kulia, mashamba, vichuguu, mbuzi mmoja.

Redempta alisema mtaro. Alisema mara mbili. Nilidhani anaanza tena habari za ubatizo.

Tulivu liliingia mtaroni kwa ulaini mkubwa. Sijasikia hata kishindo. Kuku ndio waliotoa taarifa.

Mboje akasimamisha mkokoteni. Hakucheka, na hilo ndilo siwezi kumsamehe. Alinipa pole, akamshusha mama kivulini kwa kumpitia Fransiska, akafungua maksai, akafunga kamba kwenye Tulivu, akalivuta hadi barabarani. Halikuwaka. Basi akarudisha maksai kwenye mkokoteni, akalifunga gari langu nyuma yake. Ndivyo tulivyoingia parokiani: Mboje, maksai wenye maua, bibi wa padri juu ya majani makavu, halafu mimi kwenye usukani, nimefunikwa uso na kitenge cha mke wangu kwa ajili ya heshima.

Watu walipiga vigelegele. Walidhani imepangwa. Kuna mzee alinipa mkono na kuniambia hajaona gari la starehe kama hili, halina hata mlio. Nikamshukuru. Kwa nini nisimshukuru?

Misa ilikuwa ndefu na nzuri. Padri Alois alilia alipomwona bibi yake akija na kapu. Nyuma yake alitembea Mboje na jogoo wangu. Yule jogoo alinitazama alipopita. Mimi nilikuwa mstari wa mwisho, nimeshika kuku wawili wa kawaida, najipangusa macho begani. Nilisema ni vumbi.


Jumatatu, 13 Julai

Duka sikufungua. Tulivu liliwaka jana jioni, nikalirudisha nyumbani, na leo nimeosha viti. Kuku ni ndege wa ajabu.

Mchana Redempta akarudi kutoka Kasense na ujumbe. Nimemfanya aurudie mara tatu. Mama amepokea khanga. Amesema jana alimwona mkwe wake akiingia mtaroni kwa kukwepa kumtazama, na mtu anayekubali kuvunja gari lake kwa ajili ya heshima si mtu mbaya, ni mtu anayehitaji kusimamiwa. Ya bodaboda ameyasamehe. Krismasi anataka kuja kwangu alale wiki nzima, ajaribu hayo magodoro anayoyasikia. Na anataka kuja kwa Tulivu, maana kiuno kimelikumbuka.

Nikakaa chini. Machozi yakanitoka, sifichi, Redempta akanipa ncha ya kitenge.

Kisha akamalizia. Sharti moja: aendeshe Christopha.

Nikamrudishia kitenge chake.


Jumatano, 15 Julai

Sharti hilo halina msingi. Nimelifikiria siku mbili. Dereva hajawahi kuwa tatizo. Fuateni mambo yalivyokwenda: uji, kioo, kitufe, mtaro. Dereva yuko wapi hapo? Kilichokosekana ni pazia. Redempta amenishika mkono akaniambia, kwa upole ambao siupendi, nimpe Christopha ufunguo siku moja tu, siku moja katika mwaka, mama yake aje. Nimemwambia atulie, mambo ya ulaini aniachie mimi.

Leo fundi cherehani kaniletea pazia. Zito, rangi ya zambarau, nimelitundika kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Mkwe mbele, mama nyuma, hakuna anayemwona mwenzake, kitufe kiko palepale. Nikaona ni busara nijaribu mwenyewe, nikae anapokaa mama. Nikaingia nyuma, nikafunga milango, nikapenyeza mpini wa ufagio chini ya pazia nibonyeze vile vitufe vya mlangoni.

Kiti kilishuka. Kizuri sana. Miguu ikapanda. Nikajaribu kukandwa kidogo, kwa ajili ya uchunguzi. Nadhani nilijaribu mchana kutwa, injini ikiwa imezimwa, maana ghafla kila kitu kikakata. Betri. Milango niliyoifunga kwa umeme haifunguki, kiti hakiinuki, na pazia limeniangukia. Nashukuru nilikuwa na daftari hili mfukoni. Naandika nimelala chali, miguu iko juu kuliko kichwa.

Redempta amegonga dirisha, akatazama, akaondoka na simu sikioni. Sasa nasikia lori uani. Ni Christopha. Amekuja na betri ya lori, na anasema kwa nje kwamba ataniwashia mara moja, nimpenyezee tu ufunguo pale juu ya kioo kilipobaki wazi. Mboje naye yupo. Alikuwa mjini kuleta pumba. Ameniwekea chungwa juu ya boneti.

Christopha anagonga tena. Anasema shemeji, ufunguo.

Nimefumba macho, najifanya nimesinzia. Kiti hiki kweli ni laini. Ufunguo nimeulalia.